Wakurugenzi Wawili na Mnara Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika nikiwa juu ya mnara. Uji wote wa asubuhi ulienda na upepo, na sehemu yake ikamwangukia Kyalo aliyekuwa chini ameshika kamba yangu. Hakukasirika. Alijipangusa kwa mkono wa ovaroli, akanipigia kelele: "Wewe Musembi, umemaliza ama kuna ingine?" Hivyo ndivyo tulivyojuana. Nyinyi vijana wa ofisi ya Machakos mmeniomba niandike jinsi kampuni mbili za intaneti zilivyoshindana katika kaunti hii hadi moja ikaimeza nyingine, na mkasema niandike hasa kuhusu wakurugenzi. Nitafika huko. Mimi sikuanza na wakurugenzi, nilianza na matapishi.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa redio pale Tala. Redio zilipoanza kutupwa badala ya kutengenezwa, nikaomba kazi kwa Injinia Nzioka, aliyekuwa ameanzisha kampuni ya kusambaza intaneti kwa madishi yaliyofungwa kwenye minara. Tulivaa ovaroli za kaki. Tulipeleka mtandao kwenye shule, zahanati na maduka ya wakulima ambako kampuni kubwa za Nairobi hazikuona haja ya kufika. Injinia alikuwa na tumbo la mtu aliyestarehe, lakini alipanda mnara mwenyewe, polepole, akihema, na akifika juu alikagua kazi yetu boliti kwa boliti. Ungelegeza moja ukidhani mkubwa hataiona, ungeupanda mnara tena siku hiyo hiyo.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mtu hapandi peke yake. Mmoja juu, mmoja chini kwenye kamba. Ya pili ilimhusu yeye. Kila jioni saa kumi na moja alipiga simu kwa kila jozi ya mafundi na kuuliza neno moja tu: "Mmeshuka?" Ukijibu ndiyo, anakata. Hakuuliza kazi imefika wapi wala mteja amesema nini. Mambo hayo aliyaacha hadi asubuhi.

Kyalo ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa kwa umri tulilingana. Alikuwa mtu wa Wamunyu, mtoto wa mchonga vinyago, na vidole vyake vilijua mambo ambayo macho yangu hayakuyaona. Alipapasa mishono ya mshipi wa kupandia akiwa amefumba macho, akakuambia ni upande gani unaanza kuchoka. Alinifundisha kufunga spana kwenye kifundo cha mkono kwa kamba, kwa sababu spana ikianguka haina rafiki. Alinifundisha kupaka kapi mafuta kabla ya kuvuta dishi na si wakati limekwama katikati. Na alinifundisha habari za nyuki. Nyuki wa huku kwetu wanapenda madishi kama watu wa Machakos wanavyopenda muthokoi wao wa mahindi yaliyokobolewa, na kila kampuni ya nje iliyokuja hapa iliwapulizia dawa, ikaumwa, ikapuliza tena. Kyalo aliwafukiza kwa mavi makavu ya ng'ombe, taratibu, akiongea nao Kikamba. Nilimuuliza anawaambia nini. "Nawaambia nyumba imeuzwa," akasema.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, na nikiulizwa ni lini nilikuwa na furaha maishani, nitataja miaka hiyo bila kufikiri.

Kisha wakaja watu wa zambarau, tulivyowaita kwa rangi ya ovaroli zao. Mwenye kampuni hiyo alikuwa Madam Syombua, mama aliyekuwa akiuza simu na paneli za sola katika soko la Tala. Alipotangaza kwamba sasa atauza intaneti, tulicheka. Fundi mmoja wetu alisema mama huyo atapima mtandao kwa kibaba. Tulichokosa kuona ni kwamba mama huyo alimjua kila mteja kwa jina, alijua mtoto wake yuko darasa la ngapi, na paneli ikiharibika alikuja na nyingine kabla ya kuuliza nani mwenye makosa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kampuni zote mbili zilikodi nafasi kwenye mnara mmoja, ule ulio kwenye kilima nyuma ya Ekalakala. Chini ya mnara kulikuwa na kibanda cha mabati chenye makabati mawili ya mitambo, letu na lao, na juu ya meza kulikuwa na daftari moja la kurasa mia mbili. Daftari hilo lilikuwa la wote. Kila fundi aliyefika, wa kaki au wa zambarau, aliandika jina, tarehe, na hatari yoyote aliyoiona, hata kama ilikuwa upande wa mwenzake. Mstari ukiwa mtupu, ilimaanisha mwenzako amekagua na hakuona hatari. Na kila fundi alisoma daftari kabla ya kugusa kitu chochote. Mimi mwenyewe niliwahi kukuta maandishi ya mtu wa zambarau: "Watu wa kaki, betri yenu ya pili imevimba, msiiguse." Mahali pengine: "Nyoka nyuma ya jenereta. Nimemwacha, alikuwa na haraka kuliko mimi." Injinia Nzioka aliposikia kuhusu daftari hilo alisema tushindane sokoni, lakini mlimani sisi ni watu waliopanda njia moja.

Injinia akapata ugonjwa wa sukari, ukamla mguu, akauza hisa zake. Akaja mkurugenzi mpya, Bwana Derrick.

Nataka kuwa mwadilifu kwa Bwana Derrick, kwa sababu watu wengi wa kaki humtaja wakitema mate. Alikuwa na akili, alifika kazini kabla yetu, na alinijua kwa jina tangu siku ya kwanza. Baadaye nilikuja kuona kwamba alilijua kutoka kwenye orodha. Alikata jozi za mafundi. Mtu mmoja, mnara mmoja, na hivyo tukawa tunafika minara mingi kwa siku, kwenye karatasi. Simu ya saa kumi na moja ikaondoka, mahali pake pakaja kitufe kwenye simu cha kubonyeza ukishuka. Nilikibonyeza mara nyingi nikiwa bado juu, ili kisinipigie kengele. Hakuna aliyegundua, kwa hiyo nikajua hakuna aliyetazama.

Halafu akatoa amri kwamba hakuna mtu wa kaki kuzungumza na mtu wa zambarau, wala kumwandikia. Alitoa amri hiyo kwenye mkutano wa chai na mandazi, akitabasamu. "Shida ya jirani ni soko letu," akasema. Chumba kizima kikacheka. Na mimi nilicheka.

Kyalo hakucheka. Wiki hiyo hiyo alinipata kwenye ghala nikihesabu boliti.

"Mimi naenda kwa Madam Syombua," akasema. "Siwezi kupanda peke yangu. Niko na watoto."

"Na mimi?"

"Si twende. Nimeongea na yeye. Anataka watu wawili wenye wamezoeana."

Nilimwambia nitafikiria. Sikuhitaji kufikiria. Mke wangu alikuwa ameanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha figo mara mbili kwa wiki, na kadi ya hospitali ilikuwa ya kampuni ya kaki. Madam Syombua wakati huo hakuwa na kadi za hospitali. Kyalo alilijua hilo na hakunisukuma. Alinipa mkono, akaniachia spana yake ya inchi moja, akaondoka. Siku iliyofuata alivaa zambarau.

Sijui kama mnaelewa, nyinyi mnaofanya kazi mkiwa na simu masikioni, upweke wa mtu aliye peke yake juu ya mnara. Upepo huko hausemi nawe. Nilianza kuongea mwenyewe, kwanza kuhusu boliti, kisha kuhusu mambo mengine. Nilikula muthokoi wangu kwenye kopo nikiwa nimeketi mlangoni pa kibanda, nikitazama vumbi la barabara ya Masinga, na nilitamani hata mtu wa kugombana naye. Kyalo alikuja kwenye mnara ule siku nyingine, si siku zangu. Aliniandikia kwenye daftari. "Musembi, mama anaendeleaje?" akimaanisha mke wangu. Baadaye: "Musembi, uko hai?" Sikujibu. Kulikuwa na fundi mwenzetu aliyefukuzwa kwa kutumiana ujumbe na mtu wa zambarau, na mimi nilikuwa na kadi ya kulinda. Baada ya muda Kyalo akaacha kuniuliza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa karibu na mvua za vuli. Nilipanda kilima cha Ekalakala asubuhi, nikafungua kibanda, na kabla sijaingia nikaona kwamba wezi wa shaba wamepita. Walikuwa wamekata waya wa athi wa upande wa zambarau, ule waya mnene unaoiteremsha radi ardhini. Wetu hawakuufikia, labda walishtuliwa. Kipande kilichobaki kilining'inia kando ya kabati lao. Hata fundi wa siku moja anajua maana yake. Radi ikipiga mnara, itatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni kabati lenyewe na yeyote aliyelishika.

Nilitoa simu. Namba ya Kyalo ilikuwa bado ndani. Nikairudisha simu mfukoni. Nikachukua kalamu ya daftari, nikaandika jina langu na tarehe, na nikasimama hapo na kalamu mkononi. Nilimfikiria Bwana Derrick akifungua ukurasa huo. Nilifikiria ile mashine ya hospitali. Nikajiambia wataona wenyewe, waya uliokatwa hauhitaji miwani. Nikauacha mstari mtupu, nikamaliza kazi yangu, nikashuka.

Siku ya tatu mvua ikaja na radi. Mtandao wa zambarau ukazima kuanzia Ekalakala hadi ng'ambo ya Yatta. Alfajiri Kyalo na dereva wao wakapanda kilima kukiwa bado na giza la mawingu. Kyalo akasoma daftari, akafungua kabati. Radi nyingine ikapiga. Mwendesha boda boda wa pale sokoni ndiye aliyenipa habari, akiwa hajui ananiambia nini. "Mzee, yule fundi wa zambarau ameungua mkono vibaya. Inasemekana mishipa imekufa." Niliketi kwenye pikipiki yake bila kumwambia twende wapi.

Mliuliza kuhusu wakurugenzi. Tazameni wiki hiyo. Bwana Derrick alituma vijana wa mauzo Ekalakala asubuhi hiyo hiyo na miavuli ya kaki, na hadi Jumamosi walikuwa wamechukua wateja wengi kiasi kwamba ofisini kulikatwa keki. Madam Syombua hakutuma mtu. Alikesha hospitalini kwenye kiti kando ya kitanda cha Kyalo, kisha akaenda kwenye redio ya Kikamba akaomba msamaha. Hakumtaja fundi, hakutaja mvua. Alisema waya uliibwa, na mwenye kampuni ndiye aliyepaswa kujua, naye ni yeye. Akawapa wateja mwezi mzima bila malipo. Nilimsikiliza nikiwa jikoni kwangu, na mke wangu akasema, "Huyu mama ni mtu." Nikazima redio.

Wale wateja waliohamia kwetu walikaa miezi michache. Walipopata shida walipiga simu, na fundi alikuwa mmoja, yuko mnara mwingine, peke yake. Wakarudi kwa zambarau na wakaenda na jirani zao. Mafundi wazuri nao wakafuata. Bwana Derrick akapata kazi kubwa zaidi kwingine, maana wako watu ambao wakianguka huanguka kuelekea juu. Kabla ya miaka miwili kwisha, Madam Syombua akainunua kampuni ya kaki pamoja na samani, madeni, na mimi.

Watu wa bima walikuwa wamelichukua daftari la kibanda baada ya ajali ile. Nilingoja kuitwa. Sikulala usingizi wa maana kwa wiki tatu. Kumbe, nilivyosikia baadaye ofisini, ukurasa wenye jina langu haukuwamo, ulikuwa umechanika. Nilidhani ni panya, au mtu alitaka karatasi ya kuwashia moto. Nilimshukuru Mungu na sikuuliza.

Mke wangu alifariki mwaka ule kampuni iliponunuliwa. Mimi nikavaa zambarau na kumaliza miaka yangu miwili ya mwisho katika ofisi mnayoijua, na Kyalo akiwa upande wa pili wa meza. Hakuweza kupanda tena. Alipokea simu za wateja na kuandika kwa mkono wa kushoto. Saa kumi na moja aliwapigia mafundi wote na kuwauliza kama wameshuka. Ndiye aliyemfundisha Madam Syombua desturi hiyo tangu siku aliyohamia kwake. Tulinywa chai pamoja. Tuliongea juu ya mvua, mahindi, na bei ya mbuzi. Niliutazama mkono wake wa kulia umelala juu ya meza na nikajiambia nitasema kesho. Ule upweke wa mnarani ulikuwa mwepesi kuliko huu wa meza ya watu wawili.

Karatasi hizi zilikuwa ziishie hapa. Nilikusudia kufunga kwa kuwaambia kwamba kampuni ni mkubwa wake: mkubwa akiuliza kama mmeshuka, mtaulizana nyinyi kwa nyinyi, na mkubwa akicheka shida ya jirani, mtacheka. Naliamini hilo hata sasa. Lakini nyumbani kwangu nje ya Tala hakuna mtu wa kunisomea nilichoandika, na nilipokisoma mwenyewe kwa sauti niliona sijamwambia yule aliyestahili kuambiwa kwanza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumamosi iliyopita nikaenda Wamunyu.

Nilimkuta Kyalo kwenye karakana ya ndugu yake, ameketi kwenye kigoda, akisugua vijiko vya mbao kwa msasa. Alibana kijiko kati ya magoti na kusugua kwa mkono wa kushoto. Wanunuzi wawili walikuwa wakitoka, akawaambia safari njema, kisha tukasalimiana. Mkewe akaleta chai na viazi vitamu, akatuacha.

"Kyalo, kuna kitu nataka kukuambia. Ya ule mlima."

Aliendelea kusugua. "Sema."

Nikasema. Nilimwambia kuhusu waya, simu, kalamu, na mstari mtupu. Kisha nikaanza kumweleza jinsi Bwana Derrick alivyotufunga midomo, na yule fundi aliyefukuzwa.

"Wacha Derrick," akasema. "Derrick hakuwa huko juu. Hata viatu yake haijui hiyo njia."

Nikaweka kikombe chini.

"Mimi nilijua hiyo siku yenyewe," akasema. "Nilisoma jina yako kabla nishike kabati. Nikasema, Musembi alikuwa hapa juzi na hakuandika kitu. Basi hakuna shida. Hata sikuangalia huo waya. Kulikuwa na giza, na wewe ulikuwa umeangalia."

"Na ile karatasi?"

"Nilitoa mimi. Dereva alikuwa ameenda kuita watu. Nikatoa na hii mkono ya kushoto, nikaweka kwa mfuko. Watu wa bima wangekupeleka kortini, na mama alikuwa kwa mashine."

Nililia. Ni aibu mzee kulia kwenye karakana ya watu, lakini nililia. Nilipoweza kusema nilimuuliza kwa nini hakuniambia muda wote huo.

"Nikuambie nini? Si ni mimi niliungua? Nilikuwa nangoja wewe. Miaka mbili tumekaa meza moja. Kila asubuhi nasema, leo ataniambia. Unaniambia mvua."

"Nimekuja sasa, ndugu yangu."

"Ii, umekuja." Aliacha kusugua, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niketi. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo. "Umekuja kazi imeisha na mama tumeshazika. Hakuna mtu anaweza kukufanya kitu. Umengoja mpaka ikuwe bure, Musembi."

Nilimaliza chai yangu, kwa sababu kwetu mgeni haachi chai. Nikasimama, nikaaga. Kyalo alikuwa ameshachukua kijiko kingine. Aliniambia safari njema, kwa sauti ile ile aliyowaagia wale wanunuzi wawili.